Mjadala: Mshahara anaoukosa mzazi uhesabiwe katika gharama ya tetekuwanga au usihesabiwe?

Ndugu zangu, tangu Januari 2026 watoto wa Uingereza wanachanjwa tetekuwanga bila malipo, wakiwa na miezi 12 na tena wakiwa na miezi 18, katika sindano moja na surua, matubwitubwi na rubela. Baadhi yetu tunaoishi huku wanasema kuwa hizo ni fedha za umma zinazotupwa, kwa kuwa sote tuliugua utotoni tukapona. Napinga, na swali langu ni moja: gharama ya ugonjwa huu inahesabiwa kutoka mfuko wa nani?

Binti yangu alipougua akiwa na miaka mitatu, hospitali haikutumia hata senti kwa ajili yake. Nilimpaka losheni ya kalamini, nikamkata kucha asijikune, na kila asubuhi nikamsimamisha karibu na dirisha kukagua mgongo wake kama malengelenge yote yamekauka na kufanya vigaga, maana kabla ya hapo chekechea haimpokei mtoto. Mimi hutunza wazee kwa zamu, na asiyeingia zamu halipwi. Kwa hiyo wiki ile niliigharamia mwenyewe, na kodi ya nyumba haikunisubiri. Kwenye vitabu vya hospitali, ugonjwa ule haukugharimu kitu.

Hapo ndipo hesabu zinapoachana. Mwaka 1994, mwaka mmoja kabla Marekani haijaanza kuchanja, watafiti wa huko walikadiria kwamba ukihesabu matibabu peke yake, chanjo ingegharimu zaidi kidogo ya inachookoa, lakini ukiongeza siku za kazi wanazopoteza wazazi, kila dola moja ingeokoa zaidi ya dola 5. Serikali ya Uingereza nayo inakadiria kuwa tetekuwanga ya watoto hupoteza pauni milioni 24 za kipato na uzalishaji kila mwaka, na kwamba chanjo itaiokolea NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, pauni milioni 15 za matibabu kwa mwaka.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni ile ya mkanda wa jeshi. Kirusi cha tetekuwanga hubaki kimejificha katika neva, na kikiamka baadaye huleta mkanda wa jeshi, upele wenye maumivu makali. Tangu 1965 daktari Edgar Hope-Simpson alipotoa dhana yake, ilihofiwa kwamba watu wazima wasipokutana tena na watoto wagonjwa, kinga yao italegea na mkanda wa jeshi utaongezeka. Hofu hiyo iliichelewesha Uingereza kwa miaka mingi. Hata hivyo, Marekani imechanja kwa takriban miaka 30 na ongezeko lililohofiwa halikuonekana, jambo lililochangia kamati ya wataalamu wa chanjo ya Uingereza kubadili ushauri wake mwaka 2023.

Kwa Tanzania na Kenya, ambako chanjo hii haimo katika ratiba ya taifa, msimamo wangu ni mwingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba nchi isianze kama haiwezi kuwafikia asilimia 80 ya watoto na kudumu hapo, kwa sababu uchanjaji wa nusunusu huusogeza ugonjwa hadi ukubwani, ambako ni mkali zaidi, hasa kwa mjamzito. Ningetanguliza dozi ya pili ya surua. Lakini mama lishe anayefunga kibanda wiki nzima kumuuguza mwanawe naye anapoteza kipato, na waliofanya kazi kliniki za watoto huko nawaomba watueleze kama hasara yake huwa inaandikwa popote.