Naomba ushauri: sindano kavu au akupancha kwa maumivu ya kiuno?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni dereva wa daladala, miaka 43, kiuno kinanisumbua mwezi wa tano sasa. Asubuhi nashika kwanza kitasa cha mlango ndipo nivae soksi. Eksirei haikuonyesha kitu, miguu haifi ganzi, haja napata kawaida. Panadol haigusi, na diklofenaki nimekatazwa kwa sababu natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mazoezi ya fiziotherapia nayafanya, ila kwa kurukaruka, sitadanganya.

Sasa mtaalamu wa mazoezi anataka kunichoma sindano kavu, zile zisizo na dawa, kwenye fundo la msuli. Shemeji naye ananisukuma kwenye akupancha, tiba ya sindano ya Kichina, unalala nazo karibu nusu saa. Nikasoma: mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaikataa akupancha kwa kiuno, ule wa madaktari wa Marekani wa 2017 unaikubali. Hapo ndipo nimekwama.

Mliopitia, ipi iliwasaidia na nafuu ilidumu muda gani? Na kuna aliyechomwa huku anatumia warfarini, daktari wake alisemaje?