Naomba ushauri: mnyonya damu wangu hana pa kumshikia

Wakuu, naandika hadithi ya wanyonya damu, nimekwama kwenye udhaifu wao. Jua silitaki. Dracula, mnyonya damu wa kitabu maarufu cha 1897, anatembea mchana kweupe, nguvu tu ndizo zinampungua. Habari ya kuuawa na mwanga imetokana na filamu ya Nosferatu ya 1922. Kitunguu saumu nacho kimechosha.

Kilichonivutia ni imani ya zamani ya Ulaya Mashariki: mwaga mlangoni nafaka ndogo kama ulezi, naye mnyonya damu lazima ainame ahesabu punje moja moja mpaka kuche. Ila jitu linaloinua ng'ombe kwa mkono mmoja likichuchumalia punje, wasomaji si watacheka? Nimpunguzie nguvu kwanza, au nikiache kichekesho kiwepo? (Mumiani msiniletee, yule ni binadamu.)