Wikendi nne za Agosti, marafiki saba, tukitokea Nakuru: zipangwe vipi?

Lanet_Juu
Habari zenu wadau. Tuko marafiki saba hapa Nakuru na likizo ya Agosti tunataka kutembea kila wikendi. Orodha yetu ni Bogoria, Hell's Gate, Kisumu kulala usiku mmoja, halafu nyumbani kwa kina mwenzetu Khayega, kulala mara mbili na kuuona msitu wa Kakamega. Gari ni Noah ya mmoja wetu. Wawili kati yetu hufanya kazi Jumamosi mpaka saa saba mchana. Naomba ushauri wa mpangilio, hesabu ya mafuta, na yale mambo yanayoharibu safari ambayo mtu hayafikirii mpaka yamkute.

SpeaMbili
Anza na hao wawili wa Jumamosi, kwa sababu wao ndio watakaovunja mpango. Bogoria na Hell's Gate ni safari za kwenda na kurudi siku moja, kwa hivyo ziwekeni Jumapili. Kisumu na Khayega ziko kwenye njia moja, hata kilomita 50 hazifiki kati yake. Kwenda Kisumu wikendi hii na kuipita tena wikendi ijayo ni kuchoma kama kilomita 370 bure. Ziunganisheni: mtoke Ijumaa asubuhi, mlale Kisumu, Jumamosi mchana muwe Khayega, Jumatatu mrudi. Hao wawili wataomba ruhusa mara moja tu badala ya mara mbili, na wikendi ya nne itabaki tupu. Iacheni tupu kweli. Wiki ya tatu ya kuamka saa kumi alfajiri ndipo watu huanza kununiana kwenye gari.

Mafuta. Noah ikijaa watu saba na mizigo, hesabu kilomita 9 kwa lita. Bogoria kwenda, kurudi na kuzunguka ndani ni kama kilomita 280, yaani lita 31. Hell's Gate kama 200, lita 22. Kisumu na Khayega pamoja na mizunguko kama 520, lita 58. Jumla lita 111. Mwenye gari asichangie mafuta, maana matairi na breki zinazoisha ni zake. Wengine sita ni kama lita 18 na nusu kila mmoja. Nasema lita makusudi: EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi na mwezi wenu wa safari unaikata tarehe hiyo katikati. Mkichanga shilingi mapema, pungufu litamwangukia dereva kituoni akiwa peke yake.

Breki: mwambieni mekanika apime mafuta ya breki kabla ya safari ya Kisumu. Yakizeeka hunywa maji, na kwenye mteremko mrefu yakipata moto hayo maji huchemka, pedali ikazama mpaka chini. Kushuka Kericho kuelekea Awasi, na siku ya kurudi kushuka Sachangwan kuelekea Salgaa, dereva atoe gia kwenye D aweke 2, aache injini ishike gari. Ukianza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, simama mahali salama, subiri nusu saa, usimwagie maji.

Chemchemi
Bogoria kwanza. Ile ni hifadhi ya kaunti ya Baringo, si ya KWS (shirika la wanyamapori la taifa), kwa hivyo msilipie kwa KWS mkidhani mmemaliza. Hell's Gate ndiyo ya KWS, na huko hawapokei noti, malipo ni ya mtandaoni. Lipeni usiku kabla ya safari mkiwa nyumbani, mtandao ukiwa mzuri.

Tokeni Nakuru saa kumi na moja na nusu asubuhi. Kufika saa tano ni kosa, kwa sababu kule Marigat jua la mchana ni kali na hakuna kivuli cha maana ziwani. Kila mtu abebe angalau lita mbili za maji, kwenye chupa za kujaza tena. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye hifadhi tangu Juni 2020.

Mayai ya kuchemsha kwenye chemchemi: tumieni ule wavu wa vitunguu, funga kamba ndefu ya mita mbili, teremsha polepole na uache dakika kumi hadi kumi na tano. Anayeteremsha asimame upande upepo unakotoka, mvuke ukielekea mbele yake. Na asikanyage ule ukoko mweupe ulio kando ya maji. Juu unaonekana mkavu, chini yake ni matope yanayochemka. Watoto washikwe mkono.

Hell's Gate: baiskeli ikague kabla ya kutoa pesa. Bana breki zote mbili ukiisukuma mbele, zungusha pedali kinyumenyume uone kama mnyororo unaruka, na uhakikishe kiti hakishuki ukikikalia. Kule bondeni uliza askari hali ya mvua, na usiangalie anga ya juu yako peke yake. Maji huja kutoka mbali, na lile korongo ni jembamba, halina pa kukimbilia. Septemba 2019 watu saba walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Wakisema msishuke, msishuke. Pandeni baiskeli, tazameni pundamilia na twiga, mrudi.

UfukoWaDunga
Kisumu mnafika Ijumaa mchana, lakini boti msipande siku hiyo. Ziwa hutulia asubuhi, alasiri upepo huamka na ngurumo huja na jioni. Pandeni Jumamosi saa moja asubuhi pale Dunga. Mapatano yawe bei ya boti nzima kwa saa moja, si kwa kichwa, na kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, lifungwe kabisa kabla boti haijaachia ufuko. Kulishika mkononi si kulivaa. Uliza pia kama gugumaji limeingia, kwa sababu upepo unaweza kulisukuma usiku mmoja likafunga ufuko wote.

Msiogelee. Kichocho kiko kwenye maji ya kando, hasa penye majani.

Na malaria, tafadhali. Mtu wa Nakuru hana kinga ya mtu wa ziwani. Chandarua ni kwa Kisumu na Khayega zote mbili, mikono mirefu kuanzia jioni. Homa ikija wiki moja au hata kadhaa baada ya safari, nenda ukapimwe na umwambie daktari ulikuwa wapi.

Shinyalu_Road
Msitu una milango miwili na watu huichanganya. Buyangu, kaskazini ya mji wa Kakamega, ni ya KWS. Isecheno, mnayoifikia mkikata kona Khayega kupitia Shinyalu, iko chini ya KFS, shirika la misitu. Tikiti ya mmoja haifanyi kazi kwa mwingine. Nyinyi mkiwa Khayega, Isecheno ndiyo ya karibu. Chukueni kiongozi, mwende asubuhi, kwa sababu mchana mvua hunyesha karibu kila siku mwezi huo. Soksi zivutwe juu ya suruali. Siafu hawabishi hodi. Ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, kwa hivyo raba za soli laini ziacheni gari.

Sasa ugeni. Mwambieni mama wa nyumbani idadi kamili na usiku mtakaolala, wiki nzima kabla. Msile chakula kizito njiani. Ugali na kuku vitakuwa tayari, na kusema "tumeshiba" mbele ya sinia hiyo ni kumvunja moyo mtu aliyeamka alfajiri kwa ajili yenu. Na filigisi msiiguse. Ni ya mwenye nyumba. Zawadi: sukari kilo nne, majani ya chai, mafuta ya kupika lita tatu, na ndoo ya viazi vya Molo mkipita.

Lanet_Juu
Asanteni sana, Kisumu na Khayega tumeziunganisha. Je, tunaweza kununua samaki Dunga Jumamosi, tumpelekee mama?

UfukoWaDunga
Ndiyo, na atafurahi. Ngege (tilapia) wabichi, macho yawe maangavu na matamvua mekundu, watolewe matumbo hapo hapo. Wawekwe kwenye sanduku lenye barafu chini na juu, na shimo la maji kutokea likae wazi. Samaki akilala kwenye maji ya barafu analegea. Mkitaka wa kukaangwa wa kurudi nao Nakuru, nunueni Jumatatu, mwaache wapoe saa nzima juu ya karatasi ndipo mwafunge. Akifungwa moto, mvuke unageuka maji, na kufika Kericho ameshaharibika.

SpeaMbili
Na mchele wa Ahero ni siku hiyo hiyo ya kurudi, msiubebe kwenda. Gari tayari lina viazi.