Jumla ya mauzo haikubaliani na daftari, nianzie wapi?

Ngamiani_Kati: Wakuu, habari za humu. Nina programu ya mauzo ya samaki, mnada wa Deep Sea hapa Tanga, imeandikwa kwa PHP na data iko MySQL (hifadhidata). Ripoti ya siku hailingani na daftari la karani: mara inazidi, mara inapungua. Msimbo nimeupitia mstari kwa mstari, ujumbe wa kosa hakuna. Tatizo liko wapi?

fundi_Chumbageni: Mkuu, kwa maelezo hayo hata wewe hutaliona. Fungua faili tupu, andika kama unamweleza mtu asiyeijua programu wala soko. Chukua siku moja tu: daftari lina ngapi, ripoti inasema ngapi, tofauti shilingi ngapi. Kisha tafuta risiti zinazotimiza tofauti hiyo, uandike kiasi na saa ya kila moja. Usiandike "baadhi ya mauzo", neno hilo ndilo linaloficha kosa. Na kila utakapotaka kuandika "nadhani", simama ukahakikishe kwanza.

Ngamiani_Kati: Nimeandika. Tarehe 12: daftari 1,840,000, ripoti 1,615,000, pungufu 225,000. Risiti ni tatu: 85,000 saa saba na robo usiku, 60,000 saa nane kasorobo, 80,000 saa nane na nusu. Zote zimeingia tarehe 11! Ya saa tisa na dakika tano iko sawa. Usiku wa kuamkia 13 hapakuuzwa kitu, ndiyo maana tofauti imetoka safi. Kumbe mpaka ni saa tisa usiku: seva (kompyuta inayoendesha programu) iko UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3, siku yake inaanza saa tisa yetu.

Raskazone: Ndipo penyewe. Ila usiguse saa ya seva, rekodi za zamani zitabaki UTC na mpya zitakuwa za hapa, na hutaweza kuzitenganisha. Geuza wakati wa kusoma: DATE(CONVERT_TZ(saa,'+00:00','+03:00')), ambapo "saa" ni safu yenye wakati wa risiti. Ukitumia jina 'Africa/Dar_es_Salaam' na majedwali ya kanda za saa hayajapakiwa, MySQL inarudisha NULL (yaani hakuna thamani), ripoti inatoka tupu bila kosa lolote. Hii ni kwa safu ya aina ya DATETIME, inayotunza saa kama ilivyoandikwa. Kama ni TIMESTAMP, ambayo MySQL huigeuza yenyewe kufuata kanda ya muunganisho, weka SET time_zone='+03:00' kila unapounganisha na uache CONVERT_TZ, ukitumia vyote viwili utaruka mbele kwa saa 6.

fundi_Chumbageni: Na faili lile usilifute. Risiti zile tatu pamoja na ya saa tisa na dakika tano ndizo jaribio lako: zote nne zisome tarehe 12.