Naomba ushauri: nikitoa taarifa ya mtoto anayeteswa, jina langu litabaki siri?

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi. Mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka kama 7, huvaa sweta lenye mikono mirefu hata jua linapowaka, na juzi alipoinama kuokota mpira niliona michirizi ya mkanda shingoni, mingine mibichi, mingine imeanza kupona. Nimeazimia kutoa taarifa ustawi wa jamii.

Ninafahamu kwamba kutoa taarifa bila kutaja jina ni tofauti na kulitaja kwa sharti kwamba litunzwe kuwa siri, na kwamba sheria za nchi nyingi humlinda mtoa taarifa mwenye nia njema hata kama uchunguzi hautathibitisha shaka yake, ingawa mahakama inaweza kuamuru jina lake litajwe. Nikijificha kabisa, maofisa hawatakuwa na mtu wa kumuuliza zaidi, na hiyo naiona ni hasara kwa mtoto. Lakini hofu yangu kubwa haiko kwenye jina. Dirisha langu ndilo pekee linalotazamana na ua wao, hivyo maelezo yenyewe yatanitambulisha, na wazazi wakighadhibika, hasira zao huenda zikamwishia mtoto.

Kwa mliowahi kufanya kazi ya ustawi wa jamii au kutoa taarifa ya namna hii: niwaombe nini maofisa kabla ya kueleza nilichokiona, na je, inafaa kuwataka waanzie shuleni, ambako wengi humwona, ili chanzo kisijulikane? Naomba majibu mapema, maana sitaki kukawia kwenda.