Tupeane uzoefu: kuomba kazi ya uhudumu wa ndege wakati ajira zimekauka

Binti Kipunguni
Wakuu, habari za jioni. Leo kwenye daladala ya Gongo la Mboto nimekaa nyuma ya mabinti wawili, sketi nyeusi, mashati meupe, nywele zimebanwa, bahasha za kaki mapajani. Sikuwauliza wanatoka wapi. Niliwasikia wakiongea, walikuwa wametoka kuacha CV kwenye ofisi ya shirika la ndege mjini na wameambiwa "tutawapigia". Roho imeniuma maana nawajua, ni mimi wale.

Nafungua uzi kwa sisi tunaoomba kazi hii kipindi ambacho mashirika hayaajiri. Siyo wa waliofanikiwa tu. Uliomba wapi, ulikwamia hatua gani, na huo ukimya unaishi nao vipi? Fomu yangu kwenye tovuti imeandikwa "inashughulikiwa" toka mvua za vuli, na sasa masika yameisha. Kukataliwa kuna afadhali, unalia unamaliza.

Kijana Temeke
Ukimya ndo unaua. Umesema kweli tupu.

Msafiri Utawala
Mimi niko Nairobi, mtaa wa Utawala, na huku karibu kila ploti ina mtu aliyesomea kazi ya ndege. Vyuo vimejaa Embakasi yote. Unalipa karo, unafundishwa kutembea, kutoa tangazo la mikanda, kupaka rangi ya mdomo isiyofutika. Siku ya mahafali unapigwa picha na sare ya kuazima, halafu mnaachiliwa darasa zima mtaani siku moja, kwenye soko ambalo halina nafasi. Shangazi yangu aliuza ng'ombe nikasoma. Sasa nauza viatu vya mitumba Gikomba, na kila nikienda ushago anauliza, "Lini tutakuona juu?" Sina la kumjibu.

Doha Kwetu
Pole mdogo wangu. Lakini watu waambiwe mapema: mashirika makubwa ya Ghuba hayaulizi cheti cha uhudumu. Emirates kwa mfano wanataka umri kuanzia miaka 21, sekondari umemaliza, Kiingereza kinyooke, uzoefu kidogo wa kuhudumia watu, urefu kuanzia sm 160, na ukisimama kwa vidole vya miguu mkono ufike sm 212. Hiyo 212 siyo mambo ya urembo, ni ili ufikie vifaa vya dharura vinavyokaa juu. Mafunzo wanakupa wenyewe ukishafika. Hoteli ya Mwanza au benki ya Mbeya inaweza kukufikisha kuliko hivyo vyuo.

Mama Junior
Doha Kwetu usiwapotoshe watoto wa watu. Hayo ni ya Ghuba. Tangazo aliloombea mdogo wangu hapa nyumbani lilitaka cheti cha chuo kinachotambulika, na bila kile alichopata NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) asingeitwa hata kwenye mchujo. Ukiwaambia wasisome, shirika la nyumbani likifungua milango watabaki nje.

Doha Kwetu
Sijasema wasisome, dada. Nimesema wasiuze ng'ombe.

Mama Junior
Ng'ombe kauzwa tayari. Sema cha kumsaidia.

Kaka Mkubwa
Miaka yote hiyo ya shule mje kugombania kumwaga chai angani? Ardhi ipo Morogoro. Nendeni mkalime.

Mjukuu wa Kashai
Kaka Mkubwa, mimi ni wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwepo ndege ilipotumbukia ziwani, karibu kabisa na uwanja. Ndani walikuwa 43. Walionusurika ni 24, ndugu zetu 19 tukawazika. Niliona wavuvi na kamba, niliona mitumbwi. Toka siku ile sitaki kusikia mtu akisema kazi ya wale watu ni chai. Aina ya ndege kubwa ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sasa wewe unadhani kwenye moshi anayewaondoa ni nani? Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iliwaka moto ikiwa na watu 379. Walitoka wote. Hawakutolewa na chai.

Kaka Mkubwa
Hao ni Wajapani, wana nidhamu.

Mjukuu wa Kashai
Na wale 24 wa Ziwa Victoria walikuwa Wajapani?

Binti Kipunguni
Jamani turudi kwenye uzi. Kaka Mkubwa, kilimo kina uzi wake.

Mwana wa Paje
Sijawahi kuliandika hili popote, leo niacheni niliandike.

Mwaka 2019 nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Paje. Nikaomba shirika moja la Ghuba, nikapita usaili wa makundi, nikapita wa mwisho, na Februari 2020 ikaja simu kwamba nimepata. Kuripoti ni Aprili. Bimkubwa akasomesha dua, watu wakala pilau mpaka wa mtaa wa nyuma. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Nikapima afya, nikaziba meno kama walivyotaka, nikauza friji na kitanda, chumba nikamrudishia mwenyewe. Ya nini kulipia kodi chumba na mimi naondoka?

Machi ikaja korona. Kenya ikafunga safari za abiria za kimataifa tarehe 25, Tanzania tukafuata Aprili. Barua pepe niliyopata ilikuwa fupi: tarehe yako imesogezwa mpaka tutakapokujulisha. Nikajiambia mwezi mmoja huo, labda miwili.

Watu wanadhani siku mbaya ilikuwa ile ya barua pepe. Siyo. Siku mbaya ilikuwa nilipojikaza kwenda kumuomba meneja kazi yangu. Nimeshuka pale Paje nimejipamba vizuri, maneno nimeyapanga toka njiani. Nakuta geti lina mnyororo. Mlinzi, mzee mmoja wa Makunduchi, kakaa ndani kwenye kiti cha kulalia wageni, peke yake hoteli nzima. Akanambia, "Mwanangu, mgeni hata mmoja hakuna. Meneja kenda kwao, na mimi mshahara sijauona." Bwawa la kuogelea limeshakuwa kijani. Akanimenyea chungwa. Nikawa nakula lile chungwa nimesimama, ndiyo inaniingia sasa kwamba kazi ya zamani sina, mpya sina, chumba sina, na kwetu bado naitwa mtu wa Arabuni.

Na lile jina ndilo lililonitesa. Dukani: "Hee, kumbe hujaondoka?" Msikitini, harusini, kila pahala. Bimkubwa akawa anawahi kuwajibu kabla yangu, "Anasubiri viza." Mtu ambaye maisha yake yote hajui uongo, akajifunza uongo kwa ajili yangu.

Ajira ziliporudi nilidhani wataanza na sisi tulioachwa njiani. Wakasema kibali changu kimepitwa na muda, niombe upya kama mtu yeyote. Nikaomba upya, nikatolewa kwenye usaili wa makundi, sababu hawatoi. Sasa hivi nipo uwanja wa ndege hapa Unguja, nahudumia abiria chini. Naziona zinapaa kila siku. Na bado naomba.

Kijana Temeke
Dah. Pole sana dada yangu.

Mama Junior
Bimkubwa wako Mungu ampe maisha marefu.

Fundi Uwanjani
Mwana wa Paje, mimi nashughulika na ndege hizi chini, na nataka wewe na wengine mlielewe jambo moja, kwa sababu naona watu wanajilaumu bure. Kanuni ya kawaida duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132, kwa hiyo haiwezi kuondoka na wahudumu pungufu ya 3. Boeing 787 yao ina viti 262, hapo ni 6. Juu ya hapo weka zamu, mapumziko, likizo na wagonjwa, utaona ndege moja inalisha watu wengi. Sasa ndege hiyohiyo ikilala chini kusubiri injini, watu wote wale wanakuwa ziada. Mwaka 2022 A220 zililazwa kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, na siyo hapa tu, mashirika mengi yalikwama. Upande wa Ghuba, Boeing 777X ilitakiwa ianze kukabidhiwa 2020 na imekuwa ikisogezwa mbele mwaka hadi mwaka, wakati Emirates peke yao wameagiza zaidi ya 200. Mhudumu wa ndege ambayo haijafika anaajiriwa akafanye nini? Kuna vipindi mlango umefungwa kabla jina lako halijasomwa.

Na ukifunguka unafunguka kwa kishindo. Septemba 2021 Emirates hao hao walitangaza kutafuta wahudumu 3,000 kwa mpigo.

Kijana Temeke
Mkuu hapo umesema la maana, ila koneksheni je? Kuna watu wanaingia hata ndege zikiwa zimelala.

Fundi Uwanjani
Sikatai kwamba wapo. Nimeeleza kwa nini nafasi zenyewe zinapungua. Nani anapewa hizo chache ni mjadala mwingine.

Msafiri Utawala
Huo mjadala mwingine ndio unatuumiza, fundi.

Lulu wa Ilala
Nyie mnalia hampigiwi simu. Sisi tulipigiwa.

Tangazo lilikuja WhatsApp, nembo ya shirika la kigeni, kila kitu. Tukaitwa kwenye ukumbi wa kukodi Sinza. Mwanamke kavaa sare kamili na beji, kijana pembeni ana kompyuta. Tukapimwa urefu ukutani kwa tepu, tukajieleza kwa Kiingereza mmoja mmoja, wengine wakatolewa palepale wakilia. Hicho ndicho kilichotufanya tuamini. Tapeli gani anakataa watu? Tuliobaki tukaambiwa tumefaulu, tutoe hela ya vipimo na viza kwa simu, na pasipoti tuwaachie palepale zipelekwe ubalozini kwa pamoja. Tiketi na pasipoti tutakabidhiwa uwanjani siku ya safari.

Siku ya safari tukafika Terminal 3 na mabegi na ukoo mzima. Bibi yangu katoka Kilosa. Saa zinakwenda. Namba haipatikani. Mwenzetu mmoja akaenda kaunta ya shirika lenyewe, yule dada akaangalia, akamwangalia tena, akamwita mkuu wake. Majina yetu hayapo. Hayajawahi kuwepo.

Mama Junior
Na pasipoti?

Kijana Temeke
Lulu usituache hapo!!

Binti Kipunguni
Endelea dada, nimeacha kupika.

Lulu wa Ilala
Polisi tulifungua kesi, tukakaa wiki kadhaa hatuna kitu. Halafu mama yangu akapigiwa simu na mwenye duka la kutoa kopi Kariakoo. Wale watu walichapisha kwake barua, beji, fomu, kila kitu kwa mkopo, na walipoishiwa maneno wakamwachia mkoba "wenye nyaraka muhimu" kama dhamana ya deni. Aliposubiri akachoka, akaufungua. Pasipoti zetu zote zimo. Ukurasa wa mwisho wa yangu niliandika namba ya mama kwa penseli. Ndiyo akapiga.

Hela haikurudi mpaka leo. Ila yule mzee wa kopi tulimchangia deni lake, tulikubaliana wote.

Mjukuu wa Kashai
Mlimlipa na deni la matapeli?

Lulu wa Ilala
Angeweza kuzichoma zile pasipoti, au kuziuza. Nisingekuwa na amani kumwacha na hasara.

Kaka Mkubwa
Hapa nakuvulia kofia, dada.

Doha Kwetu
Wote someni hii ya Lulu mara mbili. Shirika la kweli halikutozi kuomba kazi na halikusanyi pasipoti kwenye ukumbi. Hela haitumwi kwa namba ya simu ya mtu. Kipindi ajira zimekauka ndipo hawa wanavuna, kwa sababu wenye kweli wamenyamaza. Ukisikia "mmefaulu wote leo leo", ondoka.

Msafiri Utawala
Sasa tufanye nini tukisubiri? Niombe kila wiki au ningoje?

Mama Junior
Omba kila nafasi ikitokea, usichoke.

Doha Kwetu
Hapana, ukikataliwa mashirika mengine yanataka ukae miezi 6 ndipo urudi. Ukilazimisha unajichafulia.

Fundi Uwanjani
Jifunze kuogelea. Kuna mashirika yanapima hilo, na maji ya Coco Beach hayana ada.

Mjukuu wa Kashai
Coco usiende peke yako wakati wa mawimbi. Halafu wanaotolewa kwenye makundi wengi hawakosei Kiingereza, wanakaa kimya wakingoja zamu. Au wanaongea wao tu.

Mwana wa Paje
Hiyo ya makundi ndiyo iliyonitoa, naamini. Nilikaa muda mrefu sijakaa mezani na watu nisiowajua tukibishana kwa Kiingereza.

Doha Kwetu
Jumamosi nipo mapumziko. Nitafungua simu ya kundi, niwape swali kama wanayotoa wao, mjadiliane dakika 10 mimi nasikiliza tu, kisha namwambia kila mtu nilichokiona. Bure. Anayetaka aandike hapa.

Kijana Temeke
Niweke.

Binti Kipunguni
Mimi pia. Na Lulu mwekeni.

Msafiri Utawala
Niko, lakini iwe baada ya saa mbili usiku, nikishafunga Gikomba.

Mwana wa Paje
Saa mbili sawa kwangu, zamu inaisha saa kumi na mbili.

Kaka Mkubwa
Binti yangu yuko kidato cha sita. Anaweza kusikiliza tu?

Doha Kwetu
Asisikilize tu. Aje aongee.