Haki zetu nani katupa: Mungu, utu au Katiba?

Wa Mkomani: Jana barazani Mkunguni, hapa Lamu, hatukumalizana. Ibara ya 19 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema haki hizi ni za kila mtu, wala si serikali iliyompa. Sawa. Basi nani kampa? Mzee mmoja alisema hilo ni swali la wasio na kazi. Mimi naona lina uzito, maana aliyekupa kitu ndiye awezaye kukipokonya. Semeni.

Wa Langoni: Suratul Israa, aya ya 70: Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu. Hakutaja kabila wala ukoo. Hata mtu akitaka aaminiwe huapa "haki ya Mungu". Mwataka nini tena?

Wa Malindi: Na asiyeamini? Walioandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu walivutana hapohapo, wakamwacha Mungu nje makusudi. Likapita Paris, 10 Desemba 1948: nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 8 hazikupiga kura upande wowote, Saudi Arabia na Afrika Kusini zikiwamo. Wamejenga juu ya hadhi ya mwanadamu. Sisi hiyo twaiita utu, na tulikuwa nayo kabla yao.

Wa Mkomani: Hapo nagoma. Utumwa pwani yetu ulifutwa kisheria mwaka 1907. Kabla ya hapo, mji huu wa washairi na masharifu ulilisha majumba yake kwa jasho la watumwa mashambani huko bara. Tazameni neno tunalojisifia nalo: uungwana. Leo ni adabu. Asili yake ni kutokuwa mtumwa. Utu ulikuwapo, ila ulikuwa na mlango na bawabu. Na aya ile waliisoma hata walionunua watu.

Wa Langoni: Kosa la msomaji usilitie kwenye aya.

Wa Mkomani: Nakubali, ndugu yangu. Na yule asemaye haki ni sheria tu, aniambie: mtumwa wa mwaka 1906 hakudhulumiwa? Sheria haikuwa upande wake, na bado moyo wangu wakataa kusema hakuwa na haki.

Mvuvi, Matondoni: Nimewasoma tangu asubuhi. Katika kesi yetu juu ya ujenzi wa bandari ya Lamu, mwaka 2018, Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Jaji hakutupa bahari. Alikuta tunavua, kama walivyovua babu zetu wasio na karatasi yoyote. Kwa hiyo haki ilikuwapo kabla ya kesi.

Wa Malindi: Ilikuwapo wapi, bwana, ikiwa hapakuwa na wa kuilipa?

Mvuvi, Matondoni: Deni halifi kwa mdaiwa kukana. Lakini umenigusa penyewe. Kwetu ukisema "nipe haki yangu" lazima pawe na mtu mbele yako. Mwauliza nani katupa. Mimi nauliza nani anadaiwa. Hilo hamjaligusa hata mmoja wenu.